Ile meza ya Paris: Karamu ya Mwisho au karamu ya miungu?

*"Nalea kikundi cha vijana kanisani. Tangu ufunguzi wa Olimpiki ya Paris kuna jambo moja halijatutoka mdomoni: ile meza ndefu yenye wanaume waliovaa kike, na katikati mwanamke mwenye kitu kama duara la nuru kichwani. Nilipoiona niliumia, nikajua wanaidhihaki Karamu ya Mwisho ya Bwana. Kijana mmoja, msomaji sana, akaniambia nimekosea: ile ni karamu ya miungu ya Wagiriki, haimhusu Yesu kabisa, na sisi Wakristo tumejiaibisha kwa kutojua sanaa. Mwingine anasema hata yule farasi wa mtoni ni farasi wa Ufunuo. Nimeombwa niandae kipindi tulizungumze, na sijui nisimame wapi. Je, macho yangu yalinidanganya? Waandaaji walisema uongo? Na mtu aliyeumia kweli ana haki ya kudai chochote?"*

Macho yako hayakukudanganya. Kijana wako naye ana hoja ya kweli, ila amekosea anapodhani kwamba hoja yake inaifuta ya kwako. Swali lenyewe, "ni Karamu ya Mwisho au ni miungu ya Wagiriki?", limewapotosha wengi kwa sababu linakulazimisha uchague moja. Picha inaweza kubeba yote mawili kwa wakati mmoja, na hii ilibeba yote mawili. Nitakueleza ilivyowezekana, kisha turudi kwenye maumivu yako, maana hayo hayaondoki kwa kujua jina la mchoro.

Tuanze na tukio lenyewe, kwani wengi wanaobishana waliletewa picha moja tu kwenye simu. Ufunguzi ulifanyika tarehe 26 Julai 2024, mvua ikinyesha, kwenye Mto Seine, kwa urefu wa takriban kilomita 6 kutoka Daraja la Austerlitz hadi eneo la Trocadéro. Mkurugenzi wa sanaa alikuwa Thomas Jolly, mtu wa tamthilia, na hati yake aliiandika pamoja na wenzake, akiwamo mwandishi Leïla Slimani na mwanahistoria Patrick Boucheron. Onyesho liligawanywa katika sehemu 12, kila moja ikiwa na neno lake la Kifaransa. Sehemu ya meza iliitwa "Festivité", yaani shangwe, na ilifanyika juu ya daraja la watembea kwa miguu la Debilly.

Meza hiyo haikuwa ya kulia chakula. Ilikuwa jukwaa la maonyesho ya mavazi, refu na jembamba, ambalo wanamitindo walipita juu yake. Katikati, nyuma ya jukwaa, alisimama Barbara Butch, mchezesha muziki anayejulikana Ufaransa, akiwa na gauni la buluu na pambo la fedha kichwani lenye miale. Kulia na kushoto kwake walipangwa wachezaji na waigizaji, wakiwamo wanaume wanaofanya sanaa ya kuigiza kwa mavazi ya kike, wote wakitazama kamera. Kisha mavazi yakapita, watu wakacheza, na baadaye likaletwa sinia kubwa lililofunikwa. Kifuniko kilipoinuliwa, ndani alikuwa mwanamuziki Philippe Katerine, karibu uchi, amepakwa rangi ya buluu mwili mzima, kazungukwa na maua na matunda, akiimba. Usiku huohuo akaunti rasmi ya Olimpiki kwenye mtandao wa X ikaeleza kwamba huyo ni Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki.

Zingatia mfuatano huo. Mtu aliyetazama sehemu nzima aliona meza, kisha shangwe, kisha mungu wa mvinyo juu ya sinia. Mtu aliyeletewa picha mnato aliona meza peke yake: safu ya watu upande mmoja na mtu wa katikati mwenye miale kichwani. Dionysus hayumo. Kwa hiyo wewe na kijana wako huenda hamjawahi kuitazama picha ileile, na mnaweza kubishana mwaka mzima bila kukutana.

Sasa, kwa nini safu ile inamkumbusha karibu kila mtu Karamu ya Mwisho, hata asiyeingia kanisani? Leonardo da Vinci aliichora Karamu yake kati ya 1495 na 1498 kwenye ukuta wa ukumbi wa chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milano. Ni mchoro wa takriban mita 4.6 kwa 8.8. Wachoraji wa Italia waliomtangulia, kama Andrea del Castagno mwaka 1447 na Ghirlandaio mwaka 1480, nao waliwaketisha mitume upande mmoja wa meza, lakini Yuda walimtenga, wakamweka upande wa pili peke yake ili mtazamaji amtambue mara moja. Leonardo alimrudisha Yuda katikati ya wenzake. Aliwapanga mitume makundi manne ya watu watatu watatu, akamwacha Yesu pekee katikati, akaielekeza mistari yote ya dari na kuta kichwani pake. Hakumchorea duara la nuru. Mwanga wa dirisha lililo nyuma yake ndio unaofanya kazi hiyo.

Mpangilio huo umenakiliwa kwa zaidi ya miaka mia tano: makanisani, kwenye kalenda, kwenye vitambaa vya ukutani, kwenye matangazo ya biashara. Matokeo yake ni kwamba hauhitaji tena mikate, kikombe wala watu 13. Meza ndefu, watu upande mmoja wanaokutazama, mmoja katikati akiwa na mng'ao kichwani: vitu hivyo vitatu vinatosha. Akili inaitambua sura hiyo kabla mtu hajahesabu vichwa, kama unavyomtambua mzazi wako kwa mwendo akiwa bado mbali. Ndiyo maana hoja ya "lakini walikuwa zaidi ya 13" haina nguvu. Ni kweli walikuwa zaidi, lakini utambuzi wa picha haufanyi hesabu.

Hapa nisahihishe jambo moja ambalo litawasaidia vijana wako. Karamu ya Leonardo siyo namna karamu yenyewe ilivyokaliwa. Katika desturi ya wakati ule watu waliegama kwenye meza ya chini, ndiyo sababu Yohana 13:23 inasema mwanafunzi aliyependwa alikuwa "ameegama kifuani pa Yesu". Meza ndefu yenye kitambaa cheupe ni Milano ya karne ya 15. Kwa hiyo hata ukiamini kwamba Paris iliigiza Karamu ya Mwisho, kilichoigizwa ni mchoro, siyo ibada ya Ekaristi. Tofauti hiyo ina uzito kwa mwanasheria na kwa mwanahistoria. Kwa muumini ina uzito mdogo, na sioni kosa katika hilo: kwake yeye mchoro umekuwa mlango wa kuingilia fumbo lenyewe, na anayeuchezea mlango anaonekana kulichezea fumbo.

Tuje kwa kijana wako. Mchoro anaoutaja ni wa Jan van Bijlert, mchoraji wa Utrecht, Uholanzi, uliochorwa kati ya 1635 na 1640 hivi. Unaitwa *Karamu ya Miungu*, nao upo katika jumba la makumbusho la Magnin mjini Dijon, Ufaransa. Unaonyesha miungu ya Olympus kwenye harusi ya Thetis na Peleus. Katikati, nyuma ya meza, yuko Apollo, mungu wa jua, akiwa na miale ya jua kichwani. Mbele kabisa amelala Bacchus, jina la Kirumi la Dionysus, na zabibu zake, na karibu naye satiri mwenye miguu ya mbuzi anacheza. Ukiuweka mchoro huu kando ya sehemu nzima ya Debilly, mfanano ni mkubwa kuliko ule wa Leonardo: mtu wa miale katikati, shangwe, na mungu wa mvinyo mbele ya meza. Apollo ana miale, wakati Yesu wa Leonardo hana duara lolote. Kwa kuhesabu alama, kijana wako anashinda.

Lakini mwulize swali moja: van Bijlert alipata wapi ule mpangilio? Karamu za miungu zilichorwa sana kabla yake. Mchoraji wa Italia, Bellini, alichora yake mwaka 1514, na miungu yake imekaa ovyo ardhini, msituni, bila meza. Meza ndefu, watu nyuma yake, mwenye mwanga katikati: huo ni mpangilio wa Karamu ya Mwisho uliovishwa mavazi ya Olympus. Utrecht wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Waprotestanti, ambao hawakuagiza picha kubwa za altare, na wako wanaoona kwamba mchoraji alitumia hekaya ili apate nafasi ya kuchora Karamu ya Mwisho kwa mlango wa nyuma. Hilo ni kisio. Lisilo kisio ni kwamba mtu yeyote aliyezoea picha za Kikristo angeliona umbo lile mwaka 1640 kama unavyoliona wewe leo. Kumtaja van Bijlert, basi, hakumwondoi Leonardo chumbani. Kunamwongezea karne nyingine ya kuwapo humo.

Na waandaaji? Maneno yao yaliyonukuliwa hadharani hayakulingana, na ni haki yako kuliona hilo. Akaunti ya Olimpiki ilimtaja Dionysus usiku uleule. Tarehe 28 Julai Jolly aliiambia televisheni ya BFMTV kwamba wazo lilikuwa karamu kubwa ya kipagani inayohusiana na miungu ya Olympus, na kwamba Dionysus aliingia kwa kuwa ni mungu wa shangwe na mvinyo na baba wa Sequana, mungu wa kike wa Mto Seine. Lakini taarifa iliyotolewa kwa niaba ya waandaaji na kunukuliwa na vyombo vya habari vya Marekani ilisema Jolly alichukua msukumo kutoka kwa mchoro maarufu wa Leonardo katika kupanga mandhari, na kwamba wasanii wengi wameurejea kabla yake. Tarehe 28 hiyohiyo msemaji wa kamati ya maandalizi, Anne Descamps, alisema hapakuwa na nia ya kulidharau kundi lolote la kidini na kwamba, kama kuna walioumizwa, wanasikitika sana.

Sitamwita yeyote mwongo. Onyesho la saa nne lina mamia ya watu wa mavazi, dansi, kamera na jukwaa, na kila mmoja analeta picha zake kichwani. Mkurugenzi anaweza kuwa na Dionysus moyoni, aliyepanga safu akawa na Leonardo mkononi, na mwenye kamera akachagua pembe inayokamilisha mfanano bila kuambiwa. Ninachokiona kuwa udhaifu wa kweli ni kwamba, katika timu ya watu waliosoma historia ya sanaa namna ile, ni vigumu kuamini hakuna aliyeuona mfanano kabla ya tarehe 26. Waliuona, wakaamua unakubalika, au wakaamua kwamba sinia litakapofunguliwa kila mtu ataelewa. Walikosea katika kupima, na kosa hilo linaelezeka: waliupima mfuatano mzima, wakati dunia huonyeshwa picha moja. Kuhusu Sequana, mungu huyo ni wa kweli katika historia. Wagaul, wakazi wa kale wa Ufaransa, na Warumi walimwabudu kwenye chemchemi za Seine, na sanamu yake ya shaba, amesimama kwenye mashua yenye kichwa cha bata, ipo Dijon pia. Ila ubaba wa Dionysus juu yake ni hekaya ya waandishi wa zama za baadaye, na mtazamaji wa kawaida hakuwa na njia ya kuijua.

Hata ile samahani haikutuliza, kwa sababu ya umbo lake. Samahani yenye "kama" inauweka mzigo kwa aliyeumia: inamwambia kuwa maumivu yake hayajathibitishwa. Maaskofu Wakatoliki wa Ufaransa walikuwa wameandika kwa uangalifu zaidi siku moja kabla. Walisifu uzuri na furaha ya sherehe kwa ujumla, kisha wakasema wanasikitishwa mno na sehemu zilizouchekesha na kuudhihaki Ukristo. Vatikani ilitoa tamko lake tarehe 3 Agosti, ikisema imehuzunishwa na baadhi ya sehemu hizo. Al-Azhar, taasisi kubwa ya Kiislamu ya Misri, ililaani pia, kwa kuwa Yesu ni nabii katika Uislamu. Jean-Luc Mélenchon, kiongozi wa mrengo wa kushoto asiyejulikana kwa kulitetea kanisa, aliandika kwamba hakuipenda dhihaka ya Karamu ya Kikristo. Kwa hiyo ile kauli kwamba walioumia ni wajinga wa sanaa au ni watu wa mrengo wa kulia peke yao, usiipokee.

Kuna jambo gumu zaidi nakuomba ulipime mwenyewe kabla ya kusimama mbele ya vijana. Baadhi ya hasira ilihusu meza, na baadhi ilihusu waliokaa mezani. Kama safu ileile ingepangwa na wacheza dansi wa kawaida, ungeumia kiasi kilekile? Jibu lolote ni la kwako, lakini lijue. Mtu anayesema "picha ya Bwana wangu ilitumiwa vibaya" ana hoja inayoweza kusikilizwa hata na asiyeamini. Mtu ambaye kilichomuudhi hasa ni mavazi na maisha ya waigizaji anazungumza jambo jingine, na akilificha chini ya la kwanza, hoja yake ya haki inaharibika pamoja nalo. Ilifika mahali Barbara Butch na Thomas Jolly wakapokea vitisho vya kuuawa. Wote wawili walishtaki, na Mei 2025 mahakama ya Paris iliwatia hatiani watu saba kwa kumsumbua Jolly mtandaoni. Baadhi ya watu wa namna hiyo hudhani wanaitetea imani.

Farasi niliseme kwa ufupi. Ufunuo 6:8 unataja farasi wa rangi ya kijivujivu na aliyempanda, jina lake Mauti. Farasi wa Paris alikuwa wa chuma, aking'aa kama fedha, akiteleza juu ya maji, na aliyempanda alibeba bendera ya Olimpiki. Waandaaji walisema anawakilisha moyo wa Olimpiki na Sequana. Tumia kipimo kilekile tulichotumia mezani: alama. Katika Ufunuo 6 farasi ni wanne, na wapanda farasi wana vitu vyao: uta, upanga mkubwa, mizani, na wa mwisho anafuatwa na Kuzimu. Hapa yuko mmoja, bila hata kimoja kati ya hivyo. Mpangilio wa meza ulikuwa na alama tatu zilizokutana, wa farasi una rangi tu, na hata hiyo si sawasawa. Kwa heshima zote, usomaji huo ni dhaifu, na ukiubeba pamoja na ule wa meza utawapa watu sababu ya kuyatupa yote mawili.

Ugomvi wa namna hii ni wa kale kuliko televisheni. Mwaka 1573 mchoraji Paolo Veronese alimaliza Karamu ya Mwisho yenye upana wa karibu mita 13 kwa ajili ya watawa wa Santi Giovanni e Paolo, Venezia. Aliijaza wachekeshaji, mbilikimo, askari wa Kijerumani, mbwa, na mtumishi anayetokwa damu puani. Tarehe 18 Julai mwaka huo aliitwa mbele ya Baraza la Uchunguzi wa Imani na kuulizwa hao wote wanatafuta nini mezani pa Bwana. Alijibu kwamba wachoraji hujipa uhuru uleule wa washairi, na kwamba nafasi ikibaki tupu huijaza watu. Akaamriwa kurekebisha. Alichofanya ni kubadili jina: mchoro ukawa *Karamu katika nyumba ya Lawi*, ile ya Luka 5 ambamo watoza ushuru walikula na Yesu, na leo unaning'inia katika jumba la sanaa la Accademia, Venezia. Tazama alichokijua Veronese ambacho waandaaji wa Paris walichelewa kukijua. Jina la picha likitangulia, jicho hufuata. Jina likitolewa baada ya watu kuumia, hata likiwa la kweli, husikika kama kisingizio.

Umeuliza kuhusu haki ya kudai. Ufaransa iliondoa kosa la kukufuru wakati wa Mapinduzi, na sheria ya 1905 ilitenganisha dini na dola. Kinacholindwa huko ni mtu, siyo itikadi. Kutukana au kuchochea chuki dhidi ya watu kwa sababu ya dini yao ni kosa. Kuidhihaki dini yenyewe si kosa. Na kuhusu Karamu ya Mwisho hasa, mfano upo. Mwaka 2005 kampuni ya mavazi ya Marithé et François Girbaud ilitoa tangazo linaloiga mpangilio wa Leonardo, wanawake wakiwa mahali pa mitume. Chama kilichoundwa na maaskofu kilishtaki, mahakama ya Paris ikaamuru tangazo liondolewe, na mahakama ya rufaa ikakubali. Lakini Novemba 2006 mahakama ya juu, Cour de cassation, ilibatilisha uamuzi huo: ilisema kuliiga umbo la picha hiyo si tusi linalowalenga waumini moja kwa moja. Kwa hiyo usimshauri mtu atumie fedha kwa kesi ya kufuru nchini Ufaransa. Aliyetukanwa yeye binafsi au kutishwa kwa sababu ya imani yake, huyo ana kesi tofauti, na aende polisi na kwa wakili akiwa na nakala za ujumbe zenye tarehe, kabla hazijafutwa.

Wengine wametaja kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki, inayokataza maandamano na propaganda ya kisiasa, kidini au ya rangi katika maeneo ya michezo. Kwa maoni yangu hapa ndipo hoja yenye nguvu zaidi ya mtu aliyeumia ilipo, kuliko mahakamani. Siku chache kabla ya ufunguzi, mtelezaji mawimbi wa Brazili João Chianca alisema hakuruhusiwa kutumia ubao wenye picha ya Kristo Mkombozi, kwa kuwa Kristo ni alama ya kidini. Unaweza kutetea uamuzi huo. Unaweza kutetea uhuru wa Jolly pia. Kuvitetea vyote viwili kwa pumzi moja kunahitaji maelezo, na muumini anayeuliza kwa nini alama yake inakatazwa kwenye ubao wa mchezaji lakini umbo lake linaruhusiwa kwenye jukwaa la burudani anauliza swali la haki. Wanaojibu husema kwamba kanuni inahusu propaganda, na sanaa siyo propaganda. Ni jibu, ila halimtoshi kila mtu, nami sitakuambia kwamba linanitosha kabisa.

Kuhusu kipindi chako, tenga saa moja na nusu. Chapisha picha tatu kwa ukubwa uleule: Leonardo, van Bijlert, na ile ya Debilly. Hakikisha hazijakatwa kingo, maana picha nyingi za mtandaoni zilizowekwa ubavu kwa ubavu zimekatwa ili zifanane zaidi au kidogo kuliko ukweli. Dakika kumi za kwanza wasizungumze; waandike wanachokiona bila majina. Waandike "mwanamke katikati, kitu kinachong'aa kichwani", siyo "Yesu" wala "Apollo". Ukiruhusu majina mapema, kila mmoja ataona alichokwisha kuamua. Baada ya hapo waorodheshe alama zinazolingana katika picha mbili mbili. Ndipo, ikiwezekana, waonyeshe sehemu nzima ya shangwe kwa video, mara ya kwanza bila sauti, kisha wasome matamko kwa kufuata tarehe: la usiku wa 26, la maaskofu, la 28, la Vatikani.

Maswali matatu yaulizwe kwa zamu, na usikubali moja limeze jingine: picha inaonyesha nini, waliotengeneza walikusudia nini, je, ilikuwa vyema kuiweka kwenye jukwaa hilo, mbele ya dunia nzima? La kwanza linajibiwa kwa macho, la pili kwa matamko, la tatu kwa dhamiri. Vipindi vya namna hii huharibika pale mtu anapojibu la tatu kwa ushahidi wa la kwanza, "inafanana, kwa hiyo walitukosea", au anapojibu la kwanza kwa ushahidi wa la pili, "walisema ni Dionysus, kwa hiyo haifanani". Kijana wako amefanya hili la pili. Mpe nafasi aueleze mchoro wa van Bijlert vizuri, kwani anastahili sifa kwa kuusoma, kisha mwombe aeleze meza ile ilitoka wapi.

Ukiona kijana ambaye hasira haimwachi, analala na kuamka na video hizo au ameanza kuwaandikia waigizaji matusi, usimalizane naye kikundini. Mwite pembeni, na kama wewe si mchungaji au padri, mpeleke kwa mmoja wao wazungumze ana kwa ana. Na wewe mwenyewe, ikiwa bado unaumia, zungumza na kiongozi wako wa kiroho kabla ya kipindi, siyo baada yake, kwa maana vijana watakusoma usoni mapema kuliko watakavyokusikia.

Mkiamua kuandika barua ya malalamiko, iandikieni Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliyoko Lausanne, Uswisi, kwani kamati ya Paris ilikuwa ya michezo hiyo tu. Ukurasa mmoja unatosha. Itajeni tarehe na sehemu, elezeni alama mlizoziona badala ya kukisia nia, ulizeni kuhusu kanuni ya 50 na ubao wa Chianca, kisha ombeni jambo moja linalotekelezeka: kwamba sherehe zijazo zinazorejea picha za kidini zitangaze jina na chanzo cha kila onyesho kabla halijaanza. Majina ya waigizaji yasiwemo.